Chama Kina Wenyewe: Jinsi ya Kupima Kama Mwanasiasa Mkaidi Anaweza Kupata Tiketi ya Urais

Kila uchaguzi wa Kenya ukinukia, ubishi huanza Kondele kule Kisumu, ukafika Section 58 kule Nakuru na kwenye stendi za boda mjini Kakamega: huyu jamaa anayemrushia kinara wake maneno hadharani, chama kitampa tiketi? Wabishi huhesabu magari ya msafara na vichwa vya watu kwenye viwanja vya Bukhungu au Afraha. Hicho si kipimo. Anayejaza uwanja si lazima awe anapiga kura ya uteuzi, na mara nyingi hayumo hata kwenye rejista ya chama chenyewe. Tiketi ya urais hutolewa na watu walio kwenye orodha. Kabla hujamchangia mtu wako, au kumshauri, au kuweka dau la nyama choma juu yake, tafuta orodha hiyo na umjue aliyeiandika.

Anza na katiba ya chama

Si Katiba ya nchi, ni ile ya chama, iliyowekwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Usisome utangulizi kuhusu demokrasia na usawa. Vyama vyote huandika hayo. Nenda kwenye vifungu vinavyosema mgombea urais anateuliwa vipi, nani ni mjumbe, nani ana mamlaka ya kuitisha Mkutano wa Kitaifa wa Wajumbe, notisi ni ya siku ngapi na akidi ni watu wangapi.

Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2022 yanatambua njia mbili. Ya kwanza ni uteuzi wa moja kwa moja, ambapo wanachama wenyewe wanapiga kura, na anayeruhusiwa kupiga ni yule tu ambaye jina lake limo kwenye rejista iliyothibitishwa na Msajili. Ya pili si ya moja kwa moja, wajumbe ndio wanaoamua. Kwa kiti cha urais vyama vikubwa vyetu vimezoea hii ya pili. Mkaidi ana nafuu kwenye ya kwanza, kwa sababu wimbi la mashinani linaweza kumbeba. Kwenye ya pili, wimbi hupasukia mlangoni pa Kasarani, uwanja wa Nairobi ambako wajumbe hukutana.

Jambo hili ni la zamani. FORD, chama cha upinzani, ilipopasuka mwaka 1992, moja ya mambo yaliyoivunja ni hili hasa: kambi ya Kenneth Matiba ilitaka wanachama wapige kura moja kwa moja kumteua mgombea, kambi ya Jaramogi Oginga Odinga ikataka wajumbe. Kila upande ulijua hesabu yake inakaa wapi. Zikazaliwa Ford-Asili na Ford-Kenya, na Rais Moi wa KANU akashinda Desemba hiyo kwa chini ya asilimia 40 ya kura.

Wanaopenda kutaja Marekani waangalie jambo hilohilo. Donald Trump alichukua tiketi ya Republican mwaka 2016 huku vigogo wengi wa chama wakimpinga, kwa sababu wapiga kura wa majimbo ndio waliokuwa wakiamua wajumbe waende kwa nani, na majimbo mengi yalimpa mshindi wajumbe wote au karibu wote. Alihitaji wajumbe 1,237 kati ya 2,472. Mpe Trump yuleyule chama ambacho wajumbe wake huteuliwa na ofisi ya katibu mkuu, halafu uone kama angefika popote.

Kisha hesabu, wadi kwa wadi

Chukua daftari. Nchi ina wadi 1,450. Tuseme katiba ya chama chako inatoa wajumbe wawili kwa kila wadi (vyama hutofautiana, kwa hiyo weka idadi halisi). Hao ni 2,900, na wingi ni 1,451. Sasa tuseme mtu wako ana nguvu huku kwetu na amebeba kila kitu: Kakamega wadi 60, Bungoma 45, Busia 35, Vihiga 25, Trans Nzoia 25, Kisumu 35, Siaya 30, Homa Bay 40, Migori 40, Nakuru 55. Jumla ni wadi 390, yaani wajumbe 780. Bado anapungukiwa na 671, na hiyo ni baada ya kumpa kila wadi kutoka Malaba hadi Naivasha, jambo ambalo halijawahi kumtokea mtu.

Halafu ongeza wajumbe wa vyeo: wabunge, magavana, madiwani, Kamati Kuu, jumuiya za vijana na akina mama. Hapa ndipo mkaidi huzama. Mbunge aliyepewa kamati nzuri na chama hawezi kumpigia kura mtu anayemtukana aliyempa kamati hiyo. Kwa hiyo kwenye daftari lako tenga safu mbili, wajumbe wa kuchaguliwa mashinani na wajumbe wa vyeo, na kwa hiyo ya pili kata nusu ya ahadi zote ulizopewa. Ahadi ya mbunge hotelini hugharimu chai tu.

Swali linalofuata: uchaguzi wa mashinani wa chama ulifanyika lini, na nani aliwaidhinisha maofisa wa matawi? Ukisikia kwamba maofisa wa matawi waliwekwa “kwa maelewano”, jua orodha iliandikwa juu ikateremshwa chini. Mkaidi anayeanza kampeni yake mwaka wa uchaguzi hukuta wajumbe wameshapatikana. Kazi ya kweli hufanywa kwenye uchaguzi wa matawi, wakati hakuna kamera, na inataka mtu wako awe na wagombea wa uenyekiti katika kila wadi, si mabango barabarani.

Mfano mzuri wa hesabu iliyokomaa ni Kasarani, 1 Septemba 2007. Wajumbe wa ODM, chama cha chungwa, walipopiga kura kumteua mgombea urais, Raila Odinga alipata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Mudavadi na Ruto walikuwa na watu wao huku Magharibi na Bonde la Ufa, lakini wajumbe ni wa nchi nzima.

Nani ameshika cheti?

Wengi huruka hatua hii. Uliza kwa Msajili maofisa waliosajiliwa ni akina nani: kiongozi, mwenyekiti, katibu mkuu, mweka hazina. Barua ya kumtambulisha mgombea kwa Tume ya Uchaguzi, IEBC, inatoka kwa hao, si kwa aliyepigiwa makofi.

Mwaka huohuo wa 2007 vuguvugu la chungwa liligawanyika, Kalonzo Musyoka akabaki na ODM-Kenya kwa sababu usajili wake ulikuwa mikononi mwa upande wake. Kambi ya Raila ililazimika kuhamia jina la ODM lililokuwa limesajiliwa na wakili Mugambi Imanyara. Chungwa ni lile lile, vyeti viwili tofauti. Kama cheti kile kingine kisingekuwepo, zile kura 2,656 zisingekuwa na karatasi ya kuandikwa.

Ndiyo maana mkaidi hushinda kwa urahisi zaidi kiti kinapokuwa wazi kuliko mwenye chama akiwa bado amekikalia. Mwenye chama akiondoka, orodha, cheti na mfuko havikai tena mkononi mwa mtu mmoja kwa muda. Lakini dirisha hilo ni fupi. Jaramogi alipofariki Januari 1994, Ford-Kenya ilienda kwa Kijana Wamalwa. Raila akapigania uongozi, uchaguzi wa chama kule Thika mwaka 1996 ukaishia kwa vurugu, naye akahamia chama kingine, NDP. Na baada ya Raila mwenyewe kufariki tarehe 15 Oktoba 2025, uongozi wa ODM ulishikwa haraka na Oburu Oginga. Anayengoja matanga yaishe ndipo aanze kuhesabu amechelewa.

Tarehe zinazoua

Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, kwa hiyo ujao ni 10 Agosti 2027. Mwaka 2022 michujo ya vyama, yaani kura za ndani za kuteua wagombea, ilifanyika kati ya 16 na 22 Aprili. Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka mgombea huru awe hakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Yaani isifike 10 Mei 2027 jina lake likiwa bado kwenye rejista ya mtu. Kati ya mchujo na tarehe hiyo kuna wiki mbili au tatu tu, na ndani ya hizo lazima aamue: kesi au kuhama. Wengi hufungua kesi, wakingoja uamuzi siku zinaisha, wanabaki bila chama na bila uhuru.

Kuondoka kwenye chama ni kwa barua, na barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kisha aingie eCitizen ahakikishe jina limetoka. Asiamini neno la karani. Kuna watu hujikuta wamesajiliwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia, na huyagundua hayo siku ya kupeleka makaratasi.

Cheo alichonacho pia kina uzito. Mbunge au seneta akijiuzulu chama, au akihesabiwa kisheria kuwa amejiuzulu kwa kukipigia debe chama kingine, anaweza kupoteza kiti chini ya Kifungu cha 103. Diwani naye yuko hivyohivyo. Gavana hayumo kwenye kamba hiyo. Sababu za kumwondoa gavana ni nyingine kabisa. Basi ukiona gavana anamfokea kinara wake na mbunge wa pembeni yake amenyamaza, usidhani mmoja ni jasiri na mwingine mwoga. Mmoja ana cha kupoteza.

Akinyimwa isivyo halali

Njia ni hii: kwanza kamati ya ndani ya chama ya kutatua mizozo, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha rufaa Mahakama Kuu. Kosa kubwa ni kuruka la kwanza. Sheria inataka uonyeshe ushahidi kwamba ulijaribu kutumia njia za ndani, hata kama uliona mlango umefungwa. Kwa hiyo peleka malalamiko kwa maandishi siku hiyohiyo, acha nakala, rudi na nakala yenye muhuri. Wakikataa kupokea, tuma kwa barua pepe na uhifadhi saa.

Kusanya mapema notisi ya mkutano, orodha ya wajumbe kabla na baada ya kubadilishwa, kumbukumbu za mkutano zilizotiwa saini na barua za uteuzi wa wajumbe. Video ya ghasia haisaidii sana. Orodha mbili zenye majina tofauti ya wadi ileile, zote zikiwa na saini ya katibu, hizo zinasaidia. Tena fungua kesi kabla chama hakijapeleka jina IEBC: jina likishapokelewa, sheria hairuhusu chama kulibadilisha ila kwa sababu chache kama kifo au kujiuzulu.

Gari la akiba

Ukitazama nyuma, wakaidi waliofika mbali hawakushinda ndani ya nyumba ya mtu. Walikuwa na gari la akiba, yaani chama kingine, limewashwa. Mwaka 2002, Moi alipomchagua Uhuru Kenyatta, kundi la Rainbow, waasi wa ndani ya KANU, halikungoja kupigiwa kura na wajumbe wa KANU. Lilihamia LDP, chama kidogo kilichokuwa tayari na usajili, na siku KANU inamwidhinisha Uhuru Kasarani, 14 Oktoba, wao walikuwa Uhuru Park na Mwai Kibaki wa upinzani.

Kusajili chama kipya kunataka wanachama wasiopungua 1,000 waliojiandikisha kuwa wapiga kura katika kila kaunti kwa zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24, na usajili wa muda hudumu siku 180. Kuazima chama kidogo ni haraka zaidi, lakini soma tena sehemu ya cheti hapo juu: mwenye chama kidogo naye ni mwenye chama, na bei yake hupanda kadiri Mei inavyokaribia.

Awe na chama au awe huru, mgombea urais lazima adhaminiwe na wapiga kura 2,000 kutoka kila kaunti katika kaunti 24: saini 48,000. Usikusanye 2,000 kamili. Kusanya 2,600 kwa kila kaunti, katika kaunti 28. Zitakatwa za watu waliojiandikisha kaunti jirani (Kisumu na Vihiga huchanganyikana sana pale Maseno na Luanda), nambari za kitambulisho zisizosomeka, na waliotia saini mara mbili kwa sababu kulikuwa na soda. Ada ya IEBC ilikuwa shilingi 200,000 mwaka 2022.

Lakini tiketi ya gari dogo haiji na kura. George Wajackoyah, mwana wa Matungu, alifika debeni 2022 kwa chama cha Roots akiwa mmoja wa wagombea wanne tu. Nchi nzima ilimjua, viwanja vilicheka naye, akapata kura 61,969. Kule Busia, Paul Otuoma aligombea ugavana akiwa huru mwaka 2017 baada ya mzozo wa mchujo wa ODM, akashindwa. 2022 alirudi na tiketi ya ODM na kushinda. Mtu huyohuyo, kaunti ileile.

Jaribio la simu

Ukitaka jibu kabla ya mwisho wa wiki, tafuta namba za wenyeviti kumi wa wadi wa chama nje ya nyumbani kwa mtu wako. Kama ni wa Bungoma, piga Nakuru, Kwale, Meru. Usiulize kama wanampenda. Uliza: “Nani alikuweka kwenye kiti hicho, na akikuambia usimpigie huyu, utafanya nini?” Wakiwa sita au zaidi wanaotaja uchaguzi wa tawi badala ya jina la mtu, kuna mchezo. Wakiwa wawili, anza kuchapisha fomu za wadhamini, na karatasi ziwe nzito kidogo, za mvua.