Kabla ya Kulipia Chupa ya Tekila

Maduka mengi ya pombe Mombasa, kisiwani na Likoni pia, huweka chupa nyuma ya wavu wa chuma, na mteja huonyesha kwa kidole tu. Tekila, pombe kali ya Meksiko, usiinunue hivyo. Omba uishike, washa tochi ya simu, usome lebo ya mbele na ya nyuma kabla hujatoa pesa.

Maneno ya kutafuta ni "100% de agave" au "100% puro de agave". Yakiwepo, sukari yote iliyochachushwa ilitoka kwa agave ya buluu, jamaa ya mkonge unaouona ukipita Vipingo. Lebo ikisema "Tequila" peke yake, huo ni mchanganyiko: kanuni za Meksiko zinadai agave itoe angalau asilimia 51 ya sukari, na iliyobaki yaweza kuwa ya miwa au mahindi. Hutaona neno "mchanganyiko" popote, kwa hiyo ukimya wa lebo ndio jibu. Jina "agave" lililoandikwa kwa madoido bila hiyo 100 halikuthibitishii kitu. Wala usichanganye asilimia hiyo na ya kileo. Kileo cha tekila huruhusiwa kati ya 35 na 55.

Rangi ya dhahabu huwavuta wengi, nayo ndiyo inayodanganya zaidi. Tekila ya "oro" (yaani dhahabu) mara nyingi ni mchanganyiko uliotiwa karameli. "Reposado" imekaa kwenye pipa angalau miezi 2, "añejo" mwaka 1, lakini maneno haya yanaeleza umri, si usafi. Hata ya asilimia 100 inaruhusiwa viongezi kidogo, kama karameli au glisarini.

Kisha tafuta namba ya NOM yenye tarakimu nne, ambayo hutambulisha kiwanda (kiwanda kimoja huweza kutoa chapa nyingi, usishangae), pamoja na herufi CRT, za baraza linalosimamia tekila. Hapa pana mtego mmoja rahisi kuunasa: tekila ya asilimia 100 lazima itiwe chupani huko huko Meksiko. Mchanganyiko ndio unaoweza kusafirishwa kwa matangi na kujazwa nchi nyingine. Lebo ikidai asilimia 100 na hapo hapo ikataja kiwanda cha kujazia kilicho nje ya Meksiko, irudishe.

Mwisho ni stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Iskani kwa programu ya Soma Label. Maelezo yanayotokea yalingane na chapa na ujazo ulioshika. Stempu nzuri pekee haitoshi, maana chupa tupu za kweli hukusanywa na kujazwa upya. Angalia kifuniko: pete yake isiwe imekatika, gundi isiwe imemwagika pembeni, na chupa mbili za aina moja ziwe zimejaa sawa.