Namna ya Kuingiza Hewa Safi Mgahawani ili Kupunguza Maambukizi

Ubaridi si usafi wa hewa. Kiyoyozi cha ukutani, kama vilivyozoeleka katika migahawa ya Dar es Salaam na Mombasa, hunyonya hewa iliyomo ukumbini, huipoza na kuirudisha ileile, pamoja na vijidudu vya kifua kikuu, surua, mafua au UVIKO-19 vilivyotoka kinywani mwa mgonjwa. Januari 2020, katika mgahawa mmoja wa Guangzhou, China, watu 10 wa familia tatu zilizoketi meza za jirani walipata UVIKO-19, na waliochunguza tukio hilo walikuta kwamba hewa ya nje iliyokuwa ikiingia ukumbini ilikuwa kidogo mno.

Anza kwa kuitazama hewa yako inavyotembea. Washa kijiti cha udi wakati ambapo hakuna wateja, kisha pita nacho meza hadi meza ukiangalia moshi unaelekea wapi. Pale moshi unapoinama na kwenda dirishani au kwenye feni ya kutolea hewa, hali ni nzuri. Pale unapopanda, ukajikunja na kuning'inia juu ya meza, hapo ndipo pumzi za wateja zinapoganda, na kwa kawaida huwa ni ile pembe ya ndani ambayo wengi huipenda kwa faragha yake.

Hatua inayofuata ni hesabu, nayo naomba isirukwe, kwa sababu mafundi wengi hukadiria feni kwa macho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde katika majengo yasiyo ya makazi. Ukumbi wa watu 40, wakiwemo wahudumu, unahitaji basi lita 400 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 1,440 kwa saa. Kama ukumbi huo una urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, ujazo wake ni mita za ujazo 144, kwa hiyo hewa yote inapaswa kubadilishwa mara 10 kwa saa. Uwezo wa feni huandikwa kwenye kibati chake; usome kabla ya kulipa, ukijua kwamba bomba refu lenye kona nyingi huupunguza.

Madirisha ya pande mbili zinazotazamana yanashinda mashine nyingi. Pwani, upande unaopokea upepo hubadilika kati ya kaskazi na kusi, kwa hiyo feni ya kutolea hewa isifungwe mahali ambapo itashindana na upepo kwa nusu mwaka. Pangaboi likizunguka huku madirisha yamefungwa hukoroga tu hewa chafu, na feni ya kusimama isielekezwe ipulize kutoka meza moja kwenda nyingine. Ikiwa kiyoyozi ni lazima, acha madirisha ya juu wazi walau shubiri moja. Gharama ya umeme itapanda, lakini wahudumu wako wanaoshinda humo kutwa nzima wanastahili gharama hiyo.

Jikoni panahitaji uangalifu wa pekee. Feni ya kutolea hewa ya jikoni iwe na nguvu kuliko ya ukumbini, la sivyo moshi wa mkaa na hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, vitavutwa hadi kwa wateja.

Baada ya marekebisho, nunua kipima hewa ukaa (kaboni dioksidi, hewa ambayo watu huitoa wanapopumua, na ambayo hurundikana pasipo na hewa mpya) na ukiweke kwenye kimo cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na jiko. Hewa ya nje huwa na takriban sehemu 420 kwa milioni. Ukumbi ukijaa, jitahidi kipimo kisivuke 800. Kama hakishuki, punguza meza au ongeza mashine yenye kichujio cha HEPA, ambayo hunasa chembechembe ingawa haitashusha kipimo hicho, kwa kuwa haiingizi hewa mpya.

Mwisho, chunguza nyavu za mbu madirishani. Wavu uliogandamana vumbi na mafuta ya kukaangia huziba matundu kimyakimya: mulika kurunzi nyuma yake, na mwanga ukififia, uvue na uuoshe kwa maji ya moto na sabuni, pamoja na mapanga ya feni.