Kuchagua kadi ya grafiki kwa kompyuta ya gemu wakati fedha ni kidogo

Katika kompyuta ya gemu unayoiunganisha mwenyewe, kadi ya grafiki ndiyo inayomeza fungu kubwa la fedha, na ndiyo pia inayonunuliwa kwa pupa kuliko kifaa kingine chochote. Mnunuzi huingia dukani na jina alilolisikia kwa rafiki, hulitaja, hulipa, na akifika nyumbani ndipo anapogundua kwamba kadi haipati umeme wa kutosha, au kwamba jina lile lile hubandikwa kwenye kadi mbili zenye nguvu tofauti. Kwa mwenye uwezo hiyo ni hasara ndogo, lakini kwa mwanafunzi aliyedunduliza kwa miezi mingi ni pigo kubwa. Kwa hiyo ni heri kadi iwe jambo la tatu kufikiriwa, baada ya skrini na pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta.

Skrini ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zipatazo milioni 2.07, na kadi hulazimika kuzichora zote upya kila picha inapobadilika; ile ya 2560 kwa 1440 ina zipatazo milioni 3.69, ambayo ni nyongeza ya zaidi ya robo tatu ya kazi yote. Mwenye bajeti finyu abaki kwenye 1080 bila kuona haya, kwa sababu hapo ndipo kadi za bei nafuu zinapofanya kazi vizuri. Vilevile, skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde na si zaidi, hivyo nguvu kubwa ya kadi inayochora picha 140 haitaonekana. Tazama pia matundu yaliyo nyuma ya skrini: monita nyingi za mtumba zilizotoka maofisini zina VGA, na baadhi hazina kingine, ilhali kadi za miaka ya karibuni hutoa HDMI na DisplayPort. Adapta ya kuziunganisha lazima iwe ile yenye chipu ndani yake ya kugeuza mawimbi, kwani waya mtupu hautatoa picha hata kidogo.

Baada ya skrini, fungua kasha usome kibandiko cha pawa saplai. Usiridhike na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, bali tafuta safu ya volti 12, maana huko ndiko prosesa na kadi hupata karibu umeme wao wote, kisha uzidishe ampea kwa 12. Kibandiko kikisema ampea 20, una wati 240 za kugawana, hata kama ubavuni pameandikwa 500. Kadi ya RX 580 peke yake imekadiriwa wati 185. Ukiongeza prosesa ya wati 65 umeshavuka mpaka kabla hujahesabu feni na diski. Kwa upande mwingine, RX 6600, ambayo ni ya mwaka 2021 na ina nguvu zaidi, imekadiriwa wati 132, na GTX 1660 Super wati 125, na kwa zote mbili watengenezaji wanashauri pawa saplai ya wati 450. Ndiyo maana kadi ya zamani inayoonekana rahisi huweza kukugharimu zaidi mwishoni, kwa kuwa inakudai pawa saplai mpya.

Tundu la PCIe, ambamo kadi huchomekwa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), linatoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hupata kilichobaki kupitia plagi ya pini 6, inayobeba 75, au ya pini 8, inayobeba 150. Usikubali fundi akuunganishie plagi ya pini 8 kwa waya unaotoka kwenye plagi ya SATA ya diski, kwa sababu plagi hiyo imetengenezwa kubeba takribani wati 54 kwenye volti 12, na ikizidishiwa mzigo huyeyuka. Ikiwa unajenga juu ya mashine ya ofisi ya mtumba, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, mara nyingi utakuta pawa saplai haina plagi ya kadi kabisa, na umbo lake haliruhusu kuingiza ya kawaida ya dukani. Hapo tafuta kadi inayoishi kwa umeme wa tundu pekee: RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka mwaka 2024, yenye wati 70, au GTX 1650 isiyo na plagi. Kasha likiwa lile jembamba, hakikisha unapewa kadi fupi (low-profile) yenye bamba fupi la kufungia. Na panapokatika umeme mara kwa mara, tenga fedha ya UPS au stabilaiza kabla ya kupanda daraja la kadi.

Sasa tufike kwenye kadi yenyewe, na hapa jambo la kwanza ni kumbukumbu yake. Kumbukumbu ya kadi ndiyo inayohifadhi sura za vitu vyote vinavyoonekana kwenye gemu. Ikijaa, data huanza kuchukuliwa kutoka RAM ya kompyuta, ambayo iko mbali na ni ya polepole, na mchezaji huona picha zikikwama kwa muda mfupi kila anapogeuka. Hali hiyo huudhi kuliko kasi ndogo iliyo thabiti. Gigabaiti 4 bado zinatosha kwa gemu nyepesi kama Valorant na hata GTA V, lakini kwa gemu kubwa mpya ni chache mno. 6 ni za kuvumilia kwa kupunguza ubora wa picha. 8 ndicho kiwango ambacho ningekishauri kwa anayetaka kukaa na kadi miaka kadhaa. Hata hivyo, wingi wa kumbukumbu hauifanyi kadi dhaifu kuwa na nguvu. GT 730 yenye gigabaiti 4 inabaki kuwa kadi ya kuonyesha video na kazi za ofisi, na muuzaji anayeisifia gigabaiti zake kwa mchezaji wa gemu anampotosha.

Majina yanahitaji uangalifu wa pekee. GTX 1060 ya gigabaiti 3 na ile ya gigabaiti 6 hazitofautiani kwa kumbukumbu tu, kwani ya kwanza ina viini 1152 vya kuchakata na ya pili 1280. RX 580 kamili ina viini 2304, lakini liko toleo lililoanzia soko la China lenye viini 2048, na mara nyingi kwenye matangazo ya mauzo tofauti hiyo haitajwi. GT 1030 ilitoka kwanza na kumbukumbu ya GDDR5, baadaye likaja toleo la DDR4 lenye jina lile lile na kasi ndogo mno. RTX 3060 ya gigabaiti 12 ni kadi nzuri. Ya gigabaiti 8 ina njia ya kumbukumbu ya biti 128 badala ya 192, na upungufu wake unaonekana waziwazi kwenye gemu. Kwa hiyo usiulize bei ya jina. Uliza bei ya toleo, na bei hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na ukubwa wa kumbukumbu.

Ziko pia kadi zinazotegemea madabodi mpya. RX 6500 XT hutumia njia 4 tu za PCIe, na ukiichomeka kwenye madabodi ya PCIe 3.0, kizazi cha nyuma cha tundu hilo, mawasiliano hupungua kwa nusu, jambo linaloumiza zaidi kwa sababu ina gigabaiti 4 ambazo hujaa haraka. Mimi simshauri mtu yeyote mwenye mashine ya zamani kuinunua. Kadi za Intel Arc, hata B580 nzuri yenye gigabaiti 12, zinahitaji Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, iwashwe kwenye BIOS (programu ya msingi ya madabodi), na bila hiyo kasi yake huporomoka. Prosesa ikiwa ni ya kabla ya kizazi cha 10 cha Intel au kabla ya Ryzen 3000, ni salama zaidi kutafuta kadi nyingine.

Kwa anayenunua leo kwa fedha kidogo, na mwenye pawa saplai ya kuaminika, RX 6600 ndiyo ningeitafuta kwanza, mpya au mtumba. Ikikosekana, RTX 2060 au GTX 1660 Super inafaa. RX 580 na GTX 1060 ziwe chaguo la mwisho, si kwa nguvu zake tu bali kwa umri: NVIDIA ilisitisha draiva mpya za gemu, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, kwa kizazi cha GTX 10 mwaka 2025, na AMD ilishaziondoa kadi za kizazi cha RX 500 kwenye mkondo mkuu wa draiva zake kabla ya hapo. Tena gemu chache mpya hudai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga, na gemu hizo kwa kawaida hazitawaka kwenye RX 580 wala GTX 1060.

Kadi nyingi za mtumba ziliwahi kuchimba sarafu za kidijitali, kwa kuwa Ethereum ilipoacha uchimbaji mwezi Septemba 2022 wachimbaji waliziingiza sokoni kwa wingi. Historia hiyo si hukumu ya kifo, lakini inakudai ukague. Zungusha kila feni kwa kidole uhisi kama inakwaruza. Mulika tochi kati ya mabamba ya kupozea utafute kutu na mafuta yaliyovuja kutoka kwenye vitambaa laini vya kupitisha joto (thermal pads). Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, kadi imefunguliwa, na unayo haki ya kuuliza kwa nini. Kisha iwashwe mbele yako. Fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, na ulinganishe mstari wa Shaders na viini vya toleo unalolipia, maana zipo kadi za zamani zilizoandikwa upya BIOS ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na programu hiyo huzitambua nyingi na kuweka neno FAKE mbele ya jina. Endesha FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mkubwa, kwa dakika 15, kisha gemu halisi, huku ukitazama joto. Likipanda kupita nyuzi 85, au vikitokea vijiraba vya rangi na mistari kwenye picha, rudisha kadi mezani. Jaribu kila tundu la HDMI na DisplayPort, si lile moja ambalo muuzaji amechomeka.

Ukiagiza kutoka nje, ongeza kwenye hesabu usafiri na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na ukumbuke kwamba kurudisha kadi mbovu ng'ambo hugharimu fedha nyingine. Nyumbani, futa draiva za kadi ya zamani kwa programu ya DDU kabla ya kuweka mpya, na waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la madabodi. Kisha icheze kwa saa nyingi katika siku zile za mwanzo ambazo muuzaji bado amekubali kuipokea ikirudi.