Divai nyekundu kwenye baridi ya Iringa na Mbeya

Vipimo hivi ni vya kilo 20 za zabibu, ambazo hutoa lita 12 hivi za divai. Zinazofaa ni zabibu nyekundu za Makutupora kutoka Dodoma. Kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba huwakuta watu wa Mbeya na Njombe bado wamejifunika mablanketi mawili. Baridi hiyo ndiyo kazi yenyewe, kama utakavyoona hatua ya 3.

1. Kuponda
Agiza zabibu kwenye kreti, si gunia. Za chini zikipondeka njiani kupitia Mtera, zinafika zikinuka siki. Tupa zenye ukungu, ng'oa vikonyo, kisha ponda kwa mikono safi kwenye ndoo ya plastiki ya lita 30. Blenda iache ilipo, inasaga kokwa na divai inakuwa chungu. Sufuria ya alumini pia hapana, huliwa na asidi. Maganda usiyatoe, rangi iko humo. Yeyusha gramu 2 za potasiamu metabisalfaiti, unga wa kuzuia vijidudu viharibifu, changanya, funika kwa kitambaa saa 24.

2. Kupima sukari
Haidromita, kipimo kinachoelea kwenye juisi kuonyesha sukari yake, isome 1.085 hadi 1.095. Ikipungua, gramu 17 za sukari kwa kila lita ya juisi huongeza kilevi kama asilimia 1. Kuonja kwa ulimi si kupima.

3. Kuamsha hamira
Hapa ndipo ndoo nyingi hufia. Hamira ya mkate inachachua, lakini huchoka mapema na harufu yake hubaki mpaka kwenye chupa. Tafuta hamira ya divai. Paketi ya gramu 5 inatosha. Inyunyize juu ya mililita 50 za maji ya nyuzi 37, yale ambayo kidole hakisikii moto wala baridi. Subiri dakika 15. Povu la rangi ya maziwa likipanda, iko hai.

Usiimimine bado. Juisi iliyolala kwenye sakafu ya saruji inaweza kuwa nyuzi 14 asubuhi, na hamira inayotoka 37 kuingia 14 kwa ghafla, nyingi hufa na zinazobaki huduwaa. Iongezee kijiko cha juisi kila dakika tano mpaka tofauti ya joto iwe chini ya nyuzi 10. Wakati huo ndoo ikae juu ya ubao, ndani ya beseni la maji ya nyuzi 30, imezungushiwa blanketi. Lenga nyuzi 22 hadi 26. Ikipita 30, vua blanketi, maana uchachu nao hutoa joto. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, kamwe: gesi yake huua.

Haidromita ikiganda palepale siku mbili, tuseme 1.040, usirushie paketi nyingine kavu. Pasha ndoo, koroga mashapo, subiri siku moja. Ikigoma tena, amsha hamira mpya kwenye nusu glasi ya maji vuguvugu yenye kijiko cha sukari. Ikitoa povu, ongeza divai iliyogoma kwa kiasi kilekile. Ikitoa povu tena, ongeza maradufu. Ikifika lita 2, rudisha yote kwenye ndoo.

4. Kushindilia
Maganda huelea. Yazamishe mara tatu kwa siku, usiku usisahau.

5. Kukamua
Haidromita ikishuka hadi 1.010, kamua kwa kitambaa, jaza dumu hadi shingoni. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba uishie kwenye chupa ya maji: gesi itoke, hewa isiingie. Nafasi tupu ndani ya dumu ndiyo mama wa siki. Waliozoea ulanzi, pombe ya mianzi, huanza kunywa hapa, kwa kuwa ulanzi wa mbeta (chombo cha mwanzi cha kuugemea) haungoji kesho kutwa. Divai ya umri huu ni uchungu na gesi tu.

6. Kuhamisha na chupa
Haidromita ikitulia 0.995 au chini, hamisha divai kwa mpira, mashapo yabaki. Rudia baada ya miezi miwili, na kila mara weka nusu gramu ya metabisalfaiti kwa lita 10. Chupa ni baada ya miezi minne hadi sita. Ukiwahi, na sukari ikiwa bado imo, chupa zitapasuka kabatini. Zenye kizibo cha koki zilaze ubavu.