Jinsi ya Kukusanya Kumbukumbu za Uwanja wa Zamani wa Klabu

Anza na mashabiki wazee, kwa kuwa kumbukumbu zao ndizo zilizo hatarini zaidi kupotea. Usiwaulize uwanja ulikuwaje, maana watakujibu kwamba ulikuwa mzuri na mazungumzo yataishia hapo. Waulize walikaa jukwaa gani, waliingilia lango lipi, nani alisimama kando yao, na nguzo ipi iliwazuia kuliona goli. Swali la nguzo, kwa maoni yangu, humfungua mtu kinywa kuliko swali lolote kuhusu mabao. Rekodi sauti kwa simu, kisha uandike msimu unaozungumziwa na, kwa idhini yake, jina la msimulizi. Hakikisha matokeo katika magazeti ya wakati huo, kwani shabiki huongeza mabao bila kukusudia.

Hatimaye nendeni mahali penyewe mkiwa na picha za zamani. Highbury, uwanja wa Arsenal kuanzia 1913 hadi 2006, umegeuzwa makazi, lakini ukuta wa mbele wa jukwaa la mashariki umehifadhiwa na eneo la kuchezea limekuwa bustani; hapo msimulizi aweza kukuonyesha alipokuwa akikaa, nawe upige picha kutoka pembe ileile ya picha ya zamani.