SOMO: Staa wa timu ya chuo kafanya kosa nje ya uwanja, mnamuadhibu vipi? Hatua kwa hatua

Wadau, somo la leo ni la nidhamu, na sio ile ya kuchelewa mazoezi. Naongelea mchezaji wa timu ya chuo anakamatwa na polisi usiku wa Alhamisi kwa kumpiga mtu kilabu, Jumamosi kuna mechi kubwa, alafu kila mtu anamgeukia kocha aseme acheze au asicheze. Hapo ndo vyuo vingi vinaharibu, kwa sababu wanaanza kutafuta kanuni wakati kosa lishatokea na tiketi zishauzwa.

Mifano yangu ni ya Marekani maana huko michezo ya vyuo ni mikubwa kweli kweli, uwanja wa chuo cha Michigan peke yake unabeba watu zaidi ya 100,000, na kuanzia Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza mwisho kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Pamoja na hela zote hizo, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hakina adhabu moja iliyoandikwa kwa mchezaji aliyefanya uhalifu mtaani. Kila chuo kinajipangia. Ndo maana kosa lilelile huku mtu anakaa nje mechi moja, kule msimu mzima, kwingine anafukuzwa.

HATUA YA 1: Andikeni ngazi ya adhabu kabla msimu haujaanza

Kaeni chini mwezi ambao hakuna mechi wala kesi, muandike kosa hili adhabu yake hii, wachezaji wote wasaini, kuanzia staa mpaka yule anayebeba maji.

Angalia chuo cha BYU (Brigham Young University, chuo cha kanisa la Mormoni), Machi 2011. Timu yao ya kikapu ilikuwa ya 3 nchi nzima na mashindano makubwa ya mwisho wa msimu yanakaribia, Brandon Davies, mchezaji wao muhimu pale chini ya goli, akavunja kanuni za maadili za chuo. Wakamsimamisha msimu wote uliobaki. Mechi iliyofuata wakafungwa nyumbani na New Mexico 82-64. Kanuni za BYU ni kali, pombe hakuna, kahawa hakuna, mapenzi nje ya ndoa hakuna, mimi mwenyewe nyingine nisingeziweka, lakini kila mwanafunzi pale alishazikubali kwa saini yake siku anaingia, na chuo hakikuangalia ratiba ya mechi. Msimu uliofuata kijana akarudi akacheza.

Sasa linganisha na Florida State, Septemba 2014. Jameis Winston, staa wa futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba mpira mkononi) aliyekuwa ametoka kushinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alipanda juu ya meza chuoni akapiga kelele za matusi machafu. Wiki hiyohiyo wana mechi na chuo cha Clemson. Chuo kikasema atakaa nje nusu ya kwanza ya mechi. Nusu mechi! Watu wakaja juu, Ijumaa usiku wakabadilisha ikawa mechi nzima. Ukikosa ngazi iliyoandikwa unaishia kupatana bei ya adhabu mbele ya nchi nzima, na huyo mchezaji mwenyewe anajifunza kwamba adhabu inategemea kelele za watu.

HATUA YA 2: Gawanyeni makosa, na kila kundi liwe na mwamuzi wake

Makosa madogo (kukosa darasa, kuchelewa basi la timu, matusi mtandaoni) mwachieni kocha. Ya kati kama ulevi, ugomvi bila majeruhi, wizi mdogo, kuendesha gari kwa fujo, aamue mkurugenzi wa michezo, kocha atoe maoni tu. Makubwa, yaani kubaka, kumpiga mwenza, silaha, kuumiza mtu vibaya, yatoke kabisa mikononi mwa idara ya michezo yaende ofisi ya chuo inayoshughulikia nidhamu ya wanafunzi wote. Kocha ambaye mkataba wake unategemea ushindi hawezi kuwa hakimu wa mtu anayemletea ushindi, hata awe muungwana namna gani. Tusimuweke kwenye huo mtego.

HATUA YA 3: Siku ya kwanza, msichunguze wenyewe

Hii hatua ndo inaniuma kuliko zote kwa hiyo mnivumilie niiongelee kwa kirefu. Kocha anasikia kuna binti analalamika, anamwita mchezaji ofisini, "niambie ukweli mwanangu", alafu msaidizi wake anampigia binti simu, mara wanaenda kumuona mama yake, wanarudi wanasema tumeyamaliza. Hayajaisha hayo. Binti kashatishwa, ushahidi kwenye simu ushafutwa, na mchezaji hata kama hana hatia hakuna tena mtu atakayemwamini, maana waliomsafisha ni watu wake.

Chuo cha Baylor kilipitia haya. Mei 2016 matokeo ya uchunguzi wa kampuni ya mawakili yalionyesha watu wa timu ya futiboli walikuwa wanafanya uchunguzi wao wenyewe pembeni, nje ya taratibu za chuo, kwenye tuhuma za ukatili wa kingono. Kocha Art Briles akaondolewa, Ken Starr akavuliwa urais wa chuo, mkurugenzi wa michezo akajiuzulu. Na mwaka 2021 NCAA wakatoa uamuzi kwamba mambo mazito ya pale hayakuvunja kanuni zao zilizoandikwa, kwa hiyo kwenye hilo hawakuwa na cha kuwaadhibia! Kwa hiyo msisubiri chama kije kuwanyoosha, chuo chenyewe kijipange.

Kocha afanye nini basi? Akisikia tu tuhuma nzito, siku hiyohiyo apige simu kwenye ofisi ya Title IX (sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, na tuhuma za ukatili wa kingono zinapita huko). Asimhoji mtu. Asimtafute mlalamikaji wala marafiki zake. Amwambie mchezaji mambo mawili tu, usifute kitu kwenye simu, na tafuta mwakilishi wa kukusaidia. Aandike saa aliyopata taarifa na saa aliyoipeleka. Basi.

HATUA YA 4: Kumweka pembeni sio kumuadhibu, vitenganisheni kwa barua

Tuhuma ikiwa nzito unaweza kumtoa kwenye mechi wakati uchunguzi unaendelea. Lakini apewe barua inayosema anatuhumiwa nini, nani ataamua, lini uamuzi wa kumweka pembeni utaangaliwa upya, na kwamba chumba, chakula, masomo na matibabu vinaendelea kama kawaida. Apewe nafasi ya kujieleza. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani kwenye kesi ya Goss v. Lopez ya 1975 ilishasema mwanafunzi wa shule ya serikali hata akisimamishwa siku 10 tu ana haki ya kuambiwa kosa lake na kusikilizwa.

Mnakumbuka Terrence Shannon Jr. wa kikapu cha Illinois? Desemba 2023 alishtakiwa kwa ubakaji huko Kansas, chuo kikamsimamisha palepale. Januari 2024 jaji wa mahakama ya serikali kuu ya Marekani akaamuru arudishwe wakati kesi inaendelea kwa hoja kwamba utaratibu uliotumika ulielekea kumnyima haki yake. Akacheza, Juni 2024 baraza la wazee wa mahakama likamkuta hana hatia. Na chuo cha Duke 2006 ilikuwa mbaya zaidi, wachezaji watatu wa lacrosse (mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu) walishtakiwa kwa ubakaji, chuo kikafuta mechi zote zilizobaki za msimu na kocha akalazimishwa kuondoka, mwaka uliofuata mwanasheria mkuu wa North Carolina akatangaza vijana hawana hatia kabisa, na mwendesha mashtaka akapoteza leseni.

Kuna watu watatumia hizo kesi mbili kusema basi tusimguse mchezaji mpaka mahakama iamue. Hapana. Kesi inaweza kuchukua miaka miwili, mlalamikaji anakaa naye darasa moja. Mwekeni pembeni lakini kwa utaratibu.

HATUA YA 5: Adhabu iume, na isipangwe kwa kalenda

Desemba 2010 wachezaji watano wa Ohio State waligundulika wamebadilishana pete na vifaa vya timu kwa hela na tatuu. NCAA wakawapa mechi tano nje, ila zianzie msimu unaofuata, kwa hiyo Sugar Bowl, mechi kubwa ya kumalizia msimu ya Januari, wakacheza na wakashinda. Baadaye ikajulikana kocha Jim Tressel alikuwa anajua tangu Aprili, akajiuzulu Mei 2011. Adhabu ianze mechi inayofuata, hata iwe fainali. Hasa ikiwa fainali.

Kesi ngumu kwangu ni ya timu ya futiboli ya chuo cha Nebraska 1995. Lawrence Phillips alimshambulia mpenzi wake wa zamani, kocha Tom Osborne akamweka nje mechi sita, akarudi, na Januari 1996 akacheza fainali ya ubingwa wakashinda 62-24. Hoja ya Osborne ilikuwa kwamba timu ndo kitu pekee kilichobaki cha kumshika huyo kijana. Mimi hiyo hoja naiheshimu, maana kuna vijana ukiwatoa chuoni unawarudisha palepale walipoharibikia. Ila kumshika sio lazima umvishe jezi. Abaki darasani, aende kwa mshauri kila wiki, ale mezani na wenzake, lakini kucheza asicheze.

Kipimo ninachokitumia mimi: jiulizeni, video ya tukio ikitoka kesho mtaweza kusimama mkautetea uamuzi wenu? Oklahoma 2014 walimpa Joe Mixon msimu mzima nje baada ya kumpiga binti ngumi usoni. Video ilipotoka Desemba 2016 kocha Bob Stoops akasema siku hizi kosa kama lile ni kufukuzwa tu. Hapo kilichoongezeka ni watazamaji, ngumi ni ileile.

HATUA YA 6: Ongeeni na timu kabla ya waandishi

Minnesota Desemba 2016 chuo kilisimamisha wachezaji 10 kwa tuhuma za ukatili wa kingono, wenzao hawakuelezwa vizuri sababu, wakagoma kwa muda wa karibu siku mbili wakati wanajiandaa na Holiday Bowl, mechi yao ya kumalizia msimu, na kocha akawaunga mkono mtandaoni. Ripoti ya chuo ya kurasa 80 ilipovuja na watu kuisoma, mgomo ukaisha. Kocha alifukuzwa Januari. Sheria ya FERPA inabana kutoa taarifa za mwanafunzi, ila haikatazi kuwaeleza wachezaji utaratibu ni upi, nani anaamua na itachukua muda gani.

HATUA YA 7: Anayehamia, mkagueni

Mtu anafukuzwa huku anapokelewa kule na maua. Ligi ya SEC, ya vyuo vya kusini mwa Marekani, mwaka 2015 ilipiga marufuku kupokea waliofukuzwa kwa ukatili wa kingono au wa nyumbani, chuo cha Indiana 2017 wakaweka marufuku yao. Sasa hivi NCAA inataka wachezaji watoe taarifa kila mwaka, na chuo kinachopokea kiulize chuo alichotoka. Pigeni simu kweli, msijaze fomu tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mimi mzazi niko Eldoret, kijana wangu anakimbia chuo cha Marekani kwa skolashipu. Akisimamishwa timu ndo skolashipu imeenda na viza pia?

Jibu: Hapana mama, sio moja kwa moja. Skolashipu ya michezo haiwezi kukatwa katikati ya kipindi chake kwa sababu kashuka kiwango au kaumia. Kwa utovu mkubwa wa nidhamu inaweza, ila kosa lithibitishwe na chombo cha nidhamu cha wanafunzi wote, sio kocha, na kijana ana haki ya kusikilizwa na watu walio nje ya idara ya michezo. Barua ikija asikae kimya, aombe hiyo nafasi kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Kuhusu viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kusimamishwa timu hakuigusi, kusimamishwa masomo kunaigusa, maana lazima abaki mwanafunzi wa muda wote, kwa shahada ya kwanza kawaida krediti 12 kwa muhula. Na akikamatwa anaendesha amelewa, ubalozi unaweza kufuta viza hata kabla mahakama haijaamua. Mwambie hilo wazi wazi, vijana wengi hawalijui. Aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hajasaini karatasi yoyote.

Swali: Chuo kinamkuta na hatia wakati mahakama imemuachia, inakuwaje hiyo?

Jibu: Mizani tofauti. Mahakama ya jinai inataka uthibitisho usioacha shaka, vyuo vingi vinaangalia upande upi una uzito zaidi hata kidogo. Na chuo hakimfungi mtu jela, kinaamua kama anavaa jezi yake.

Swali: Si wanalipwa siku hizi, kwanini tusiwapige faini tu?

Jibu: Kwa mambo madogo na ya kati sawa. Georgia kwa mfano, baada ya ajali ya Januari 2023 iliyoua mchezaji na mfanyakazi wa timu, na wachezaji wengine kuendelea kukamatwa kwa mwendokasi, kocha Kirby Smart alisema 2024 kwamba wameanza kuwatoza hela. Lakini kwa kosa la kuumiza mtu faini peke yake inakuwa ni bei, mwenye hela analipa anacheza.

Swali: Sisi ni timu ya chuo hapa Tanzania, hatuna mawakili wala ofisi hizo. Tufanye nini?

Jibu: Karatasi moja inatosha kuanzia mkuu. Makosa makundi matatu, adhabu zake, saini za wachezaji na kocha, nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi. Kundi la kati liamuliwe na watu watatu, kocha asiwemo, na mmoja wao awe mwanamke. Kundi la juu msiliguse, mpeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi na mlalamikaji asindikizwe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kama anataka, msimwambie asubiri mashindano yaishe. Na hiyo karatasi isainiwe upya kila Oktoba wanapoingia mwaka wa kwanza.