Somo: Kuipiga picha Lindi ya kale kutoka Kitunda

Ukisimama ufukweni Lindi mjini huuoni mji, unaona ukuta ulio mbele yako tu. Panda kivuko hadi Kitunda, ng'ambo ya mlango wa Mto Lukuledi, kisha geuka. Majengo ya pwani, minara ya misikiti, minazi na vilima vya nyuma vyote vimejipanga mstari mmoja. Lindi ndipo misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilipofikia bahari, na hapa palikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla hayajahamia Mtwara. Mji wenye historia hiyo unastahili picha nzuri.

Hatua ya 1: Maji. Wengi hukosea hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu hupita mita 3. Ukifika yamekupwa, mbele ya mji kuna tope tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi jioni, halafu huchelewa zaidi kila siku. Basi siku ya pili au ya tatu yake, bahari inakuwa imejaa jua likizama. Ndiyo siku ya kwenda. Waulize wavuvi, hesabu hii wanayo kichwani.

Hatua ya 2: Mwanga. Mji uko upande wako wa magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwako na kuta zinaonekana hadi nyufa zake. Jioni linazama nyuma ya mji. Mimi napenda nusu saa baada ya magharibi, taa zimewaka na mbingu bado ina samawati. Ulizia kivuko cha mwisho kabla hujavuka!

Hatua ya 3: Kamera. Kwa picha hiyo ya jioni: tripodi (stendi ya miguu mitatu), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata (kilango cha mwanga) ifunguke sekunde 8 hadi 15, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Hatua ya 4: Lenzi. Majengo ya Lindi ni mafupi. Lenzi pana itayafanya uzi mwembamba kati ya maji na mbingu. Tumia lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 100 hadi 200, simamisha kamera wima, piga picha 5 au 6 zinazopandana kwa theluthi, uziunganishe nyumbani.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu, nije?
Marahaba mwanangu, njoo, ila njoo asubuhi. Futa lenzi, iegemeze simu kwenye ubavu wa ngalawa iliyopandishwa pwani, na usikuze picha kwa vidole.

Kaka, mbona mashua kwenye picha zangu zimekuwa madoa?
Ni kusi hiyo. Chombo kinayumba na shata yako imefunguka muda mrefu. Ukitaka mashua zionekane, piga kabla giza halijaingia, shata 1/250 ya sekunde.

Mwalimu, kwa nini unarudia pale pale kila mwaka?
Kuna nyumba moja ya roshani niliyoipiga nikianza. Mwaka jana paa lake lilikuwa limeshaanguka, na picha ile ya kwanza ndiyo inayoonyesha lilivyokuwa. Nimetia alama kwenye jiwe ninaposimama. Ukija nitakuonyesha, nawe uendelee.